Nafasi Iliyo Wazi Kabla ya Kwihara

Kwa miaka thelathini na saba niliishi kwa kalamu nyekundu. Niliingia darasani kwa mara ya kwanza nikiwa mwalimu mwaka 1972, nikastaafu mwaka 2009 nikiwa mkuu wa shule ya sekondari, na katikati ya hapo nilikuwa mkufunzi wa Kiingereza katika chuo cha ualimu. Sasa nimevuka sabini na tano, macho yamepungua nguvu, lakini kalamu haijanitoka mkononi. Kila mwaka ifikapo Septemba, embe zikiwa bado changa mtini, wajukuu na watoto wa majirani huja na madaftari yao, tukakaa kwenye mkeka chini ya mwembe wangu hapa Tabora. Wanakuja kwa ajili ya mambo mawili tu: kujaza nafasi zilizo wazi, na kusahihisha sentensi zenye makosa. Hayo ndiyo yanayowatoa jasho katika Kiingereza cha kidato cha pili na cha nne, kama yalivyotutoa sisi jasho mwaka 1969, wakati mkono wa Cambridge ulikuwa bado haujaondoka kwenye mitihani yetu na Baraza letu la Mitihani lilikuwa halijazaliwa.

Msomaji ambaye hajakaa upande wa mwalimu anaweza kudhani kwamba zoezi la kujaza nafasi ni jambo jepesi. Sentensi imeandikwa tayari, imebaki tundu moja. Mwanafunzi atafute neno la kuziba. Ama kwa hakika ni zoezi gumu kuliko insha. Katika insha mwanafunzi hulikwepa asilolijua. Hajui kutumia neno fulani, basi huzunguka kwa njia nyingine, na mwalimu hatajua kamwe kwamba hapo palikuwa na shimo. Nafasi iliyo wazi haina pa kuzungukia, na wino usipoingia hapo mwalimu anaona.

Na makosa yetu yana ukoo. Nimeyasahihisha kwa maelfu, nami naweza kukuambia kila moja lilizaliwa wapi. Mtoto anaandika "Although he was sick, but he came", kwa sababu Kiswahili kimemfundisha kwamba "ingawa" hutembea na "lakini" kama mume na mke. Anaandika "I have arrived yesterday", kwa kuwa nyumbani tunasema "nimefika jana" na hakuna anayeshtuka. Kiingereza hakitaki "have" ikae pamoja na jana. Anamwita dada yake "he" na baba yake "she", kwa sababu "yeye" wetu haulizi kama mtu ni mume au mke. Anaandika "discuss about", kwa kuwa sisi hujadiliana kuhusu jambo. Vile vineno vidogo "a" na "the" havina mama wala baba katika lugha zetu; mtoto huvinyunyiza kama chumvi, pengine nyingi mno, pengine hakuna kabisa.

Lakini mfalme wa makosa yote ni hivi vihusishi. Sisi tuna "katika", tuna "kwa", tuna ile "-ni" ya nyumbani na sokoni, na kwa hivyo tunaendesha maisha yetu yote. Mwingereza ana "in", "on", "at", "into", "by", "with", "for", na kila kimoja kina wivu wake. Kwa hiyo watungaji wa mitihani hupenda sana kuweka nafasi hapo. Nami nilikuwa mmoja wao. Hapo ndipo nilipotenda jambo ambalo limenifanya niandike kurasa hizi.

Kabla sijalieleza, niseme jambo moja nililolijua nikiwa nimekwisha zeeka kazini. Mtihani huu wa kufuta maneno katika habari na kumtaka msomaji ayarudishe ulipewa jina na utaratibu wake na Mmarekani aitwaye Wilson Taylor mwaka 1953. Yeye hakukusudia kumpima mtu. Alikusudia kupima maandishi, ajue habari hii ya gazeti ni nyepesi au ngumu kwa wasomaji wa kawaida. Wasomaji wengi wakishindwa kurudisha maneno yaliyofutwa, basi aliyekosa ni mwandishi. Sisi walimu tuliokuja baadaye tuligeuza fimbo tukaishika upande wa pili. Darasa zima likikosa nafasi ya saba, tulisema darasa ni zito. Hata siku moja sikusema kwamba sentensi yangu ya saba ilikuwa mbovu.

Basi. Mwaka 1992 nilikuwa mkufunzi katika chuo ambacho sitakitaja. Miongoni mwa wanachuo walikuwamo walimu wa UPE, wale waliochukuliwa baada ya Azimio la Musoma la mwaka 1974, wengi wao wakiwa wamemaliza darasa la saba tu, wakafundishwa ualimu huku wakifundisha, ili kila mtoto wa Tanzania apate mahali pa kukaa shuleni. Watu hao waliibeba nchi mabegani, na malipo yao yalikuwa dharau. Tuliwaita "UPE" kana kwamba ni jina la ugonjwa. Sasa walikuwa wamerudi kusoma ili wapande daraja, watu wazima wenye watoto, wakihesabu miezi na senti. Kiingereza ndicho kilichowatisha. Shule za msingi zimefundishwa kwa Kiswahili tangu mwaka 1967, na wao walikuwa wamefundisha kwa Kiswahili miaka kumi na mitano. Kuwaambia ghafla wajaze "at" na "in" ilikuwa kama kumwambia seremala mzuri ashone viatu.

Mtihani wa ndani ulioamua nani aendelee niliutunga mwenyewe. Nilitaka kuwarahisishia, nikachukua mambo ya hapa kwetu badala ya mambo ya London na theluji. Nilijiona mwalimu wa kisasa sana. Niliandika habari fupi juu ya njia ya misafara: jinsi pembe za ndovu zilivyotoka bara kupitia Unyanyembe hadi Bagamoyo, jinsi wapagazi wa Kinyamwezi walivyobeba mizigo ya ratili sitini au sabini kila mmoja, jinsi Burton na Speke walivyofika Kazeh mwezi Novemba 1857 na kupokewa na Waarabu waliokuwa wamekaa hapo kwa biashara. Mwishoni niliweka sentensi hii, ikiwa na nafasi mbili: "In 1872 Livingstone waited ___ Kwihara ___ five months."

Habari yenyewe ni ya kweli. Stanley alimkuta Livingstone Ujiji mwaka 1871, wakaja pamoja hadi Kwihara, karibu na Tabora, wakaishi katika tembe lile ambalo leo watalii huenda kuliangalia. Mwezi Machi 1872 Stanley aliondoka kwenda pwani, naye mzee akabaki akisubiri wapagazi ambao Stanley aliahidi kuwatuma kutoka Unguja. Walifika mwezi Agosti.

Katika mwongozo wa usahihishaji, ambao pia niliuandika mimi, majibu yalikuwa "at" na "for".

Mmoja wa wale walimu wa UPE alikuwa mama aliyezaliwa Kwihara. Sikulijua hilo wakati ule. Ningejuaje, nami nilikuwa na makaratasi mia na ishirini mezani na taa ya mafuta. Yeye aliandika "in" na "for". Nilikata "in" kwa wino mwekundu, nikampa alama moja kati ya mbili. Nilipojumlisha karatasi yake ilipata thelathini na tisa. Ya kuendelea ilikuwa arobaini.

Nakumbuka nilisita. Si kwa sababu nilishuku jibu, bali kwa sababu thelathini na tisa ni alama inayomchoma msahihishaji. Nilipitia karatasi yake upya nikitafuta alama moja mahali popote. Nilipofika kwenye sentensi ile ya mwisho niliutazama mwongozo wangu, nikaona "at", nikapita. Nilijisifu moyoni kwamba sina upendeleo.

Yule mama alirudi kijijini kwake kazini na daraja lake la zamani.

Miaka sita ikapita. Mwaka 1998 nilikuwa nimekwisha hamishiwa sekondari, nafundisha kidato cha tatu vihusishi vilevile. Nikawaambia kama ilivyo desturi: mahali padogo "at", mahali pakubwa "in". Kijana mmoja wa nyuma, mtoto wa mfanyakazi wa reli, akanyoosha mkono. Akasema, "Mwalimu, baba husema treni inasimama 'at Tabora'. Lakini kwenye barua tunaandika tunaishi 'in Tabora'. Tabora ni ileile. Ni ndogo au kubwa?"

Nilifungua kinywa kumjibu, na jibu lililotoka lilikuwa sahihi: kwamba jambo si ukubwa wa mahali, bali ni jinsi msemaji anavyopaona. Anayesafiri hupaona mahali kama kituo, nukta katika njia yake, naye husema "at". Anayekaa hupaona kama nyumba iliyomzunguka pande zote, naye husema "in". Treni hupita Tabora. Sisi tumo ndani yake. Nilipomaliza kusema hivyo, nilisikia kama mtu ameniita kwa jina kutoka mlangoni. Nikawapa zoezi la kunakili, nikaketi.

Livingstone alikaa Kwihara miezi mitano. Alilala hapo, aliugua hapo, aliandika hapo. Mwingereza yeyote angeweza kusema "in" au "at", na yote mawili yangekuwa Kiingereza safi. Mimi nilikuwa nimeiona Kwihara kama walivyoiona wenye misafara, mahali pa kutua mzigo na kuondoka. Yule mama aliiona kama mahali ambapo kitovu chake kimezikwa. Na kati yetu wawili, mwenye kalamu nyekundu alikuwa mimi.

Usiku ule niliandika barua. Nilieleza kosa, nikaomba radhi, nikasema niko tayari kuandika kwa wahusika. Asubuhi nikaona: nitaipeleka wapi, na itasaidia nini baada ya miaka sita? Nilijipa sababu nyingi, zote za kiutu uzima. Barua ilikaa ndani ya kitabu cha "Brighter Grammar" cha Eckersley na Macaulay mpaka karatasi ikageuka rangi ya chai. Haikuwekwa posta.

Jambo moja lilinijia baadaye, nalo nalieleza ingawa linanipeleka nje kidogo ya habari yangu. Nilianza kusoma zaidi juu ya wale wapagazi ambao Livingstone aliwasubiri. Miongoni mwao alikuwamo kijana aitwaye Jacob Wainwright. Alikuwa Myao, aliyetekwa utumwani utotoni, akakombolewa na Waingereza baharini, akapelekwa kusomeshwa Nasik, India. Alifika Kwihara mwezi Agosti 1872 pamoja na wenzake zaidi ya hamsini. Livingstone alipofariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia, Jacob ndiye aliyesoma ibada ya maziko ya moyo wake, akachonga maandishi kwenye mti, na akaendelea kuandika shajara kwa Kiingereza wakati yeye, Susi, Chuma na wengine wakiubeba mwili wa mzee hadi pwani, wakipita tena hapa Unyanyembe. Jacob alifika London na jeneza, akawa miongoni mwa waliolishika lilipoingizwa Westminster Abbey mwezi Aprili 1874. Kisha alirudi Afrika. Alifariki mwaka 1892 Urambo, mwendo mfupi tu kwa treni kutoka hapa nilipokaa.

Kwa hiyo kulikuwa na Mwafrika katika njia hii hii, miaka mia na ishirini kabla ya mtihani wangu, ambaye alikiandika Kiingereza chake mwenyewe, porini, bila mtu wa kumwachia nafasi wazi ajaze. Na juu ya ule mti alichonga tarehe 4 Mei 1873. Vitabu vingi hutaja 1 Mei kuwa ndiyo siku ya kifo. Kipande cha mti kilikatwa na kupelekwa London kikiwa na 4 Mei yake. Hakuna aliyepanda juu ya mti kuifuta kwa wino mwekundu. Wenye elimu ya historia huziweka tarehe zote mbili pamoja na kuuliza kila moja ilitoka wapi. Mimi niliyeitwa mwalimu sikumpa mwanachuo wangu hata heshima hiyo ya kuulizwa: mama, "in" hii umeitoa wapi?

Nilikutana naye mwaka 2018 katika stesheni ya Tabora. Mimi nilikwenda kumpokea mjukuu, treni imechelewa kama kawaida. Mwanamke mmoja aliyekaa juu ya mfuko wake alinitazama, akainuka, akapiga goti kidogo.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mama. Mwangaluka."

Akaitikia, akacheka. Akanitajia chuo na mwaka. Nilimjua mara moja, si kwa uso, bali kwa alama. Alikuwa amestaafu mwezi uleule, anarudi Urambo alikojenga. Tukakaa kwenye benchi, akaninunulia kahawa, nami kwa kuwa treni haikuwa na dalili na umri wangu haukuwa wa kuahirisha tena, nikamweleza yote. Sentensi, mwongozo, kijana wa reli, barua.

Alisikiliza akizungusha kikombe. Kisha akasema, "Nilijua ni sahihi, Mwalimu. Mimi nimezaliwa mle."

"Mbona hukuja kuniuliza?"

"Ningebishana na mwongozo? Mimi UPE?"

Hakulisema kwa uchungu. Ndiyo maana liliniingia. Akanieleza kwamba alirudia mtihani baada ya miaka miwili, akapita, akapanda daraja, akafundisha vizuri, na darasa la saba lake lilikuwa likisifiwa kata nzima. Katika miaka ile miwili, hata hivyo, mshahara ulikuwa uleule wa zamani, naye mtoto wake wa kwanza alikuwa kidato cha pili. Karo ilishindikana. Kijana akaenda kwenye mashamba ya tumbaku kwa muda, hadi mama apande daraja arudi shule. Hakurudi. Alizoea kushika pesa. Yuko hukohuko mashambani hadi leo, ana watoto watano.

"Pengine asingerudi hata kama ningefaulu," akasema. "Hakupenda hesabu."

Sikuwa na la kumjibu. Mtu hawezi kusema pole kwa jambo kama hilo. Nikamuuliza anafanya nini sasa. Akasema hata yeye huwafundisha wajukuu jioni, jaza nafasi na sahihisha makosa, na kwamba watoto wa siku hizi ambao tangu mwaka 2012 wamezoea kusiliba kiduara katika mtihani wa darasa la saba hawana subira ya kuliandika neno zima. Wanataka waone A, B, C na D ndipo wafikiri. Tukalaumu hilo kwa pamoja kwa raha kabisa, kama wanavyofanya walimu wastaafu. Nikamweleza jinsi ninavyowafundisha wangu: wasiguse penseli kabla ya kusoma habari yote hadi mwisho, watazame neno la kushoto na la kulia la nafasi, watafute "yesterday" na "since" zilizojificha mbali, maana hizo ndizo zinazoamua wakati wa kitenzi, wakisha kujaza, wasome kwa sauti. Na kila mmoja awe na daftari la makosa yake mwenyewe, si ya darasa, kwa kuwa mtu hurudia makosa yaleyale matano au sita maisha yake yote. Akatikisa kichwa kukubali. Yeye huwafanya watunge wenyewe sentensi zenye makosa na kubadilishana. Hilo sikuwa nimelifikiria, nami sasa nalitumia.

"Na ile sentensi ya Kwihara," akaniuliza, "bado unaitoa?"

"Naitoa."

"Na jibu?"

"Napokea yote mawili. Namuuliza mtoto ameona nini."

"Vizuri. Lakini wewe hausahihishi tena mtihani wa taifa." Akaweka kikombe chini. "Mjukuu wangu, mtoto wa huyo huyo wa tumbaku, anafanya kidato cha nne mwaka huu. Ana akili. Akikutana na nafasi kama ile, aandike lipi?"

"Asome sentensi nzima kwanza," nikasema.

"Hilo namwambia kila siku. Aandike lipi, Mwalimu?"

Treni ya Kigoma ikapiga honi upande wa mashariki, watu wote wakasimama kwa mkupuo. Nikauchukua mfuko wake, nao ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani, nikambebea hadi mlangoni mwa behewa.